Kinga ya Wifi Riziki

Khadija, anayeshika sasa kiti changu pale maabara, kaniomba nikuandikieni nyinyi mnaoanza kazi. Anasema mnajua mashine kuliko mnavyojua watu. Sijui kama ni kweli. Siye wakati wetu hatukujua mashine wala watu, na kazi ilikwenda hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyama ya binadamu. Nikisema hivi kwenye harusi watu husogeza sahani zao mbali, basi nazoea kusema nilikuwa maabara tu. Daktari wa upasuaji anatoa uvimbe, anakata kipande, anakitia kwenye chupa yenye dawa kali ya kuhifadhia. Chupa inakuja kwangu. Mimi nakitia kipande ndani ya nta mpaka kigande humo, halafu nakikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Kimoja nakielekeza kwenye maji ya vuguvugu, kinaelea, kinanyooka mikunjo, nakiopoa kwa kioo. Natia rangi mbili, zambarau na waridi. Baada ya hapo daktari wa kusoma vioo anainamia hadubini na kusema huyu ana nini.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Makoongwe, mkali, mwenye kupenda vitunguu vibichi. Joto la kwetu Pemba huilainisha nta, na nta laini haikatiki, inajikunja kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo tulikuwa tukiiwekea barafu. Umeme ukikatika, barafu hakuna, tukienda kununua barafu za ukwaju kwa mwanamke aliyekuwa akiuza nje ya lango. Nta ikiwa kavu mno nayo inapasuka, na hapo dawa yake ni kuipulizia pumzi ya kinywa, hahh, pole pole, kisha ukate. Mzee Mbwana akipuliza, chumba kizima kinanuka vitunguu. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama ile harufu ni ya ugonjwa.

Siku nyingine alikuja mkubwa kututembelea. Joto lilimchosha, akanyoosha mkono akawasha feni. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imelala mezani, vipande vyembamba vinangoja maji. Vikapaa. Kimoja kilimtua kwenye nyusi. Mzee Mbwana alisimama mbele yake, akakiondoa kwa brashi taratibu, akasema, "Samahani mheshimiwa, huyu ni Bi mmoja wa Wete, ana watoto." Mkubwa hakucheka. Mzee Mbwana naye hakuwa anafanya mzaha. Kwake kila kipande kilikuwa mtu aliyeketi nje kwenye benchi, na kipande kikipotea huwezi kumrudia mtu yule ukamkata tena hivi hivi tu.

Nilifanya kazi hii miaka mingi bila kumjua mwenye kipande. Ndiyo salama ya kazi. Ninalotaka kukuelezeni ni mara ile niliyomjua.

Riziki alikuwa mke wa kaka yangu Omar, wa Chokocho. Wifi yangu, lakini tulikuwa zaidi ya hivyo. Nikigombana na kaka yangu, yeye alikuwa upande wangu. Alikuwa akilima mwani. Maji yakitoka yeye yumo, peku, anafunga kamba kwenye vijiti, anaimba kwa sauti mbaya sana. Unyayoni mwake kulikuwa na doa jeusi karibu na kisigino. Akasema ni mwiba wa baharini uliovunjikia ndani. Sote tuliafiki. Nani Chokocho hana mwiba unyayoni? Akalikwangua kwa wembe, akalitia mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Doa likapanuka, likaanza kutoa maji, ndipo bintiye Salma alipomleta hospitali kwa nguvu.

Chupa ilipofika mezani kwangu nilisoma jina, nikaiweka chini. Nikazunguka chumba. Kisha nikaichukua, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kukata.

Katika vioo vyetu rangi ni zile mbili tulizotia sisi. Kile kilikuwa na ya tatu, kahawia iliyokoza kama kahawa, haikutoka kwenye chupa yangu yoyote. Ilikuwa rangi ya ngozi yenyewe, imetengenezwa na seli zilizopotoka. Kansa ya ngozi ya aina hii wengi hudhani ni ya Wazungu wanaounguzwa na jua. Siye weusi hutupata pale ambapo jua halifiki, unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha, na kwa sababu hatuitarajii tunaiita mwiba.

Walimkata sehemu ya kisigino. Akapona jeraha, akajifunza kutembea upya, akarudi kwenye mwani na kiatu cha mpira. Haukupita muda akaanza kikohozi. Picha ya kifua ikaonyesha madoa mapafuni.

Riziki alikuwa na kaka yake Muskati, Seif, aliyehamia huko tangu ujana. Seif akampigia simu Omar. "Mlete huku. Kuna dawa mpya, si ile ya kunyonyoa nywele." Basi Riziki akaenda, na Salma akamfuata kumuuguza.

Hapa lazima nikuelezeni dawa ile, maana bila hivyo hamtafahamu kilichotufika. Mimi nilielezwa na Daktari Shaame, aliyekuwa akija kutoka Unguja kutusomea vioo, mtu mpole, asiyechoka kuulizwa.

Mwili una askari wake, seli ndogo zinazozunguka na damu, zikikuta kilichoharibika zinakiua. Seli za kansa wanazijua. Wanazifuata. Lakini mwili huo huo umeweka njia ya kuwatuliza askari, wasije wakapitiliza wakala na nyama nzima. Ni ishara fulani iliyo juu ya ngozi ya seli, askari akiigusa anashusha silaha. Kansa imejifunza kuivaa ishara ile. Askari anafika, amekasirika, yuko tayari, na kansa inamshika bega, inamwambia tulia, hapa ni amani. Naye anatulia. Dawa ya Muskati haiui kansa. Inakwenda kuziba pale pa kushikwa bega, ili askari asidanganyike.

"Kwa hiyo si kwamba kinga yake ni dhaifu?" nilimuuliza Daktari Shaame.

"Hata kidogo. Kinga yake nzima. Imefungwa mikono tu."

Riziki alitiwa dripu ile miezi kadhaa. Na wallahi ilimfaa. Seif alitutumia picha za mapafu, kabla na baada, nikaenda nazo kwa Daktari Shaame, akaziangalia dirishani, akavua miwani akasema, "Alhamdulillahi." Madoa yalikuwa yamesinyaa, mengine hayakuonekana tena. Riziki akarudi Chokocho amenenepa. Kila aliyekuja kumpa pole aliondoka amepewa hadithi ya dawa. "Wananitia dawa ya kinga," alisema, anacheka. "Kinga yangu ilikuwa imelala, wameiamsha!"

Vijana, chungeni neno hilo. Katika lugha yetu neno kinga limekwisha kupewa ugonjwa wake. Ukisema mtu anatibiwa kinga, watu hawasikii kansa. Wanasikia ule mwingine usiotajwa, wa kukosa kinga.

Kisha likaja la mikono. Vidoleni mwa Riziki yalitokea mabaka meupe, yakapanda mpaka viwikoni, na moja likakaa pembeni mwa mdomo. Mbalanga. Daktari Shaame alipoyaona alifurahi, nakumbuka nilimchukia kidogo kwa kufurahi vile. Alieleza kuwa askari waliofunguliwa mikono wanaishambulia kansa kwa kuifuata rangi ya ngozi, na wakiwa na nguvu nyingi hushambulia hata seli za rangi zisizo na kosa. Mbalanga ile ilikuwa dalili kwamba kinga inafanya kazi, tena kwa ukali.

Chokocho waliisoma vingine. Wakati ule Salma alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja kijana wa Shumba, Hamad. Posa ilikuwa imepokewa, kilichobaki ni kupanga siku ya nikahi. Watu wa Shumba wakaanza kuchelewa. Leo wana mgonjwa, kesho wana msiba, keshokutwa simu haipokewi. Kisha mwanamke mmoja akamwambia Omar waziwazi dukani, "Mna haki ya kuficha, lakini msiwafiche wanaooa kwenu."

Habari ikamfikia Riziki. Akaniita chumbani.

"Wifi, nenda weye Shumba. Weye ndiye uliyeikata nyama yangu. Kawambie ulichokiona."

"Hayo ni siri za mgonjwa, Riziki."

"Mgonjwa ndiye anayekutuma."

Nikaenda. Mamake Hamad, Bi Mwanakhamis, alinipokea vizuri sana. Alinitandikia mkeka mpya, akanipa chai ya mdalasini na vitumbua, akaniuliza hali za kwetu mmoja mmoja, isipokuwa mmoja. Nilimweleza yote. Nilimweleza unyayo, mapafu, askari, kushikwa bega. Alisikiliza, si kwa kuigiza, aliuliza maswali ya mtu mwenye akili.

"Na ile mikono?" akasema mwisho.

"Bi Mwanakhamis, ile mikono ndiyo kinga yenyewe inavyoonekana. Angekuwa hana kinga, asingekuwa na baka hata moja."

Akakung'uta sukari iliyomdondokea kwenye leso.

"Nimekufahamu," akasema. "Wallahi nimekufahamu, na nakusadiki. Lakini Bi Zuwena, miye n'takwenda nyumba ngapi kuwaeleza hivi ulivyonieleza? Hamad ana dada zake, nao wanataka kuposwa. Watu hawatakuja kuniuliza. Wataondoka tu."

Alinisadiki, na posa ikavunjwa wiki ile ile, kwa adabu, kupitia kwa shehe.

Nilirudi Chokocho nikamkuta Riziki barazani anachambua mwani mkavu. Akaniangalia usoni, akarudi kwenye mwani wake. Salma alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia akifungua bomba la maji, akaliacha limwage muda mrefu.

"Ulimi wangu," alisema Riziki. "Ningesema tu natiwa dripu."

Nikamwambia si ulimi wake. Hakunisadiki.

Mwaka ule ulipokaribia kwisha akagusa uvimbe kinenani, mgumu kama kokwa ya kungu. Alikuwa bado anatiwa dawa ile ile, akienda Muskati na kurudi. Kipande kilikuwa kitolewe huko, lakini daktari wetu alikitoa hapa hapa, ili nusu isomwe kwetu na nusu apelekewe Seif awape madaktari wa kule.

Nilikata. Daktari Shaame akainama kwenye hadubini, kisha akasogea akaniachia kiti. Ile kahawia ilikuwa imerudi, imejaa katikati.

"Lakini anatiwa dawa," nilisema. Upumbavu, mtu wa maabara kusema hivyo.

"Dawa ingali inafanya kazi yake. Pale pa kushikwa bega pamezibwa. Kansa imetafuta njia nyingine."

Njia zenyewe walizipima Muskati kwa vipimo ambavyo sisi hatuna. Kwa rangi zetu mbili hazionekani. Daktari wa kule alizungumza na Daktari Shaame kwa simu, naye akanisimulia. Kila seli ya mwili, alisema, huonyesha nje ya ngozi yake vipande vidogo vya kile inachokitengeneza ndani, ili askari wapite wakague. Zile za kansa zilizokuwa zikionyesha ziliuawa na askari waliofunguliwa na dawa. Zilizobaki ni zile zilizoacha kuonyesha. Zimezima taa mlangoni. Askari anapita karibu, mikono yake huru, haoni cha kukamata. Tena uvimbe huo umeita karibu yake wale askari wengine wa mwili ambao kazi yao ni kusuluhisha, wakatuliza wakali. Na sukari yote ya mahali pale uvimbe unaila wenyewe, askari anafika na njaa. Wachache waliofanikiwa kuingia wamepigana muda mrefu mpaka wamechoka, wapo lakini hawafanyi kitu.

"Njia zote hizo kwa pamoja?"

"Si lazima zote. Kwa huyu, nyingi."

Mnaweza kusoma hayo vitabuni, na mtayasoma vizuri kuliko nilivyoyaeleza. Kisichomo vitabuni ni namna ya kumwendea mtu barazani kwake ukamwambia. Mimi ndiye niliyetumwa tena. Omar hakuweza, alitoka kwenda kuangalia mikarafuu ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Riziki alinitangulia. "Imekufa, siyo? Ile kinga yangu."

"Haikufa."

"Basi wamekosea wale wa Chokocho. Walisema sina, kumbe ninayo na hainisaidii." Akacheka, kicheko kifupi. "Afadhali ningekuwa sina. Mtu asiye na mlinzi akiibiwa hamlaumu mtu."

Nilijaribu kumweleza zile taa zilizozimwa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Kisha akaniuliza lililokuwa moyoni mwake.

"Miye nilikosea wapi, wifi? Yale mafuta ya taa? Au niliacha kula walivyoniambia?"

"Hukukosea popote."

"Lazima pawepo."

Wakaja watu wa dawa za miti, kila mmoja na chupa ya kuongeza kinga. Mmoja alitoka mbali kabisa, akiwa na asali nyeusi na karatasi yenye picha za waliopona. Omar alitaka kununua zote. Riziki aliinywa ya kwanza kwa kumridhisha, ya pili akaitapika, ya tatu akamwambia mumewe, "Acha, Omar, hao askari wanasikia njaa, hawasikii asali." Hakuwa amepuuza maneno yangu kumbe.

Muskati walijaribu dawa ya pili kuongezea ile ya kwanza. Ikamuunguza utumbo, askari wakamgeukia mwenyewe, akawa haendi mbali na choo, ikabidi waisimamishe. Akaomba arudi kwao. Alirudi mwepesi, Salma alimshusha garini peke yake bila kuomba msaada.

Alikufa mchana, maji yakiwa yametoka, wanawake wenzake wamo kwenye mwani. Waliitwa wakaja na magoti yao yana mchanga. Aliyekuja kumwosha akaniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna glavu. Zilikuwepo, nikampa. Nilikuwa nimekwisha chelewa kumgombeza mtu yeyote. Mabaka ya mikono yake yalikuwa meupe safi mpaka dakika ile, askari wa mikononi walikuwa bado wako kazini.

Hamad alikuja maziko, akasimama nyuma. Bi Mwanakhamis alikuja hitima, akalia kweli, akamkumbatia Salma. Salma alimwacha amkumbatie.

Nikastaafu baada ya hapo. Si kwa ajili ya hilo, umri ulikuwa umefika. Lakini Salma alianza kuja kwangu, anakaa, anaondoka. Siku moja akasema, "Shangazi, watu bado wananiuliza. Miye mwenyewe siku nyingine najiuliza. Labda kweli hakuwa nayo. Labda mlikuwa mkimfariji tu."

"Unataka kuona?"

Tukaenda maabara asubuhi. Khadija alikitafuta kioo cha kinenani, kile cha mwisho, akakiweka kwenye hadubini, akatupisha. Salma hakuwahi kutazama humo maisha yake. Nikamwonyesha namna ya kuzungusha mpaka picha itulie, nikamwambia atakachokiona. Kahawia hii katikati ni ugonjwa. Sasa nenda pembezoni.

Alizungusha taratibu. Nilijua amefika kwa jinsi mkono wake ulivyosimama.

"Hizi ndogo ndogo za zambarau? Zilizobanana hivi?"

"Hizo. Ndio askari wake."

"Zote?"

"Zote. Nenda na ukingo, utaziona zimezunguka pande zote."

Akaenda na ukingo. Ilimchukua muda, maana kweli zilizunguka pande zote, safu juu ya safu, zimesongamana penye mpaka ule na hazikuvuka.

"Aka, shangazi," alisema, bila kuinua kichwa. "Wengi hivi."

Mlangoni Khadija alikuwa amebeba trei ya vioo vya watu vinavyongoja kusomwa. Salma akainua uso, akafuta lenzi iliyolowa kwa ncha ya mtandio wake, akainama tena. Nikamwashiria Khadija angoje kidogo.